Nyama Ikishatoka Machinjioni: Usafirishaji na Uhifadhi wa Halali katika Biashara Zetu

Mfanyabiashara wa nyama wa Mombasa au Nairobi akiulizwa kama bidhaa yake ni halali, kwa kawaida huonyesha cheti. Cheti hicho hutaja machinjio, taasisi iliyosimamia uchinjaji na tarehe ya kumalizika kwake. Ni karatasi ya maana, na kuipata si jambo la siku moja. Lakini tangu nyama ivuke lango la machinjio hadi ifike mezani kwa mlaji, hupita mikononi mwa watu wasiotajwa kabisa katika cheti hicho: dereva na utingo wake, msimamizi wa chumba baridi, makuli wa bandarini, mpokeaji wa mzigo hotelini, na kijana wa dukani anayepanga bidhaa kwenye friji. Ni sehemu hiyo ya katikati ninayotaka kuijadili, kwa sababu naamini kwamba katika biashara za siku hizi uhalali wa bidhaa hupotea kwenye makabidhiano mara nyingi zaidi kuliko kwenye kisu.

Kazi yangu ni ya mizigo inayohitaji baridi, hasa upande wa hati na maghala. Kwa miaka mingi nimewasikia wateja, Waislamu na wasio Waislamu, wakiuliza maswali mengi kuhusu joto la kontena, bei na muda wa kufika, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza gari hili jana lilibeba nini. Siwalaumu, kwa kuwa hata hati tunazozitumia kila siku hazina nafasi ya kujazia jibu la swali hilo. Hati ya kukabidhi mzigo huonyesha idadi ya katoni, uzito, namba ya lakiri na sahihi mbili, basi. Kilichokuwamo ndani ya gari kabla ya katoni hizo hakina mahali pa kuandikwa.

Nchi iliyolishughulikia suala hili kwa kina zaidi ni Malaysia. Mwaka 2010 ilitoa kiwango cha MS 2400 chenye sehemu tatu, yaani usafirishaji, uhifadhi ghalani na uuzaji wa rejareja, na mwaka 2019 kiwango hicho kikarekebishwa. Tayari palikuwapo MS 1500 kinachohusu chakula chenyewe na utayarishaji wake, lakini waliona kwamba chakula kilichotayarishwa vizuri bado kinaweza kuharibikiwa njiani. Cheti hutolewa na JAKIM, idara ya serikali kuu inayosimamia mambo ya Uislamu, na kampuni ya malori au ya maghala huweza kukiomba kwa jina lake yenyewe, si kwa mgongo wa kiwanda inachokihudumia. Kinachonivutia katika MS 2400 ni kwamba humtaka mchukuzi kwanza aeleze kwa maandishi ni wapi katika safari bidhaa inaweza kugusana na kitu cha haramu au najisi, nani anawajibika mahali hapo, na ni dalili gani itakayojulisha kwamba mambo yamekwenda mrama. Nembo huja baadaye. Mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya mfumo wa HACCP wa usalama wa chakula ataitambua mara moja njia hiyo ya kufikiri, ila hapa najisi huhesabiwa pamoja na vijidudu.

Sehemu inayozua mjadala zaidi ni ile ya kusafisha. Gari au kontena lililobeba nguruwe halipakiwi bidhaa ya halali kwa kupulizwa maji tu. Kwa kufuata madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa Malaysia na ndiyo pia ya Waislamu wengi wa pwani yetu kuanzia Lamu hadi Komoro, chombo hicho huoshwa mara saba, na mojawapo ya mara hizo huwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Asili yake ni hadithi ya chombo kilichorambwa na mbwa, ambayo wanazuoni wa Kishafii waliitumia kwa nguruwe pia kwa njia ya kiyasi, yaani kulinganisha jambo na jingine linalofanana nalo. Wapo waliohitilafiana nao, na Imam Nawawi, ambaye ni nguzo mojawapo ya madhehebu hayo hayo, aliona kwamba kwa upande wa dalili kuosha kilichoguswa na nguruwe mara moja tu, kama ilivyo kwa najisi nyingine, kuna nguvu zaidi. Mimi si mwanachuoni na siingii katika mizani hiyo. Ninachokijua ni kwamba ukipeleka mzigo kwa mnunuzi anayefuata kiwango cha Malaysia, atataka kuona kumbukumbu ya maosho saba, na mjadala wa kifiqhi, yaani wa sheria za dini, hautakusaidia mbele ya mkaguzi wake.

Kwa mwenye magari, uoshaji huo una mambo mawili ya vitendo ambayo watu hawayazingatii. La kwanza ni kwamba haukuwekwa uwe desturi ya kila wiki. Mwongozo wa Malaysia unaukubali pale chombo kinapohamishwa kutoka matumizi ya nguruwe kwenda matumizi ya halali, na haumruhusu mtu kukirudisha huko na kukileta tena huku kila anapopata mteja, kwa hivyo anayedhani atabeba nguruwe Jumatatu na mbuzi Jumanne kwa kuwa anao mfuko wa udongo hajaelewa. La pili ni la kifundi: udongo hauelewani na chumba baridi. Huziba matundu ya kutolea maji sakafuni, hujificha kwenye maungio ya kuta, na ukibaki hugeuka uchafu wa aina nyingine. Ndiyo maana huko Malaysia zimetengenezwa sabuni zenye udongo safi uliosagwa, na ndiyo maana baada ya maosho yote saba usafi wa kawaida wa chumba cha chakula lazima ufanyike kama ilivyo ada.

Si kila mzigo, hata hivyo, unahitaji uangalizi huo wote, na hapa ndipo wafanyabiashara wetu wengi wangepumua kama wangeelezwa vizuri. Marco Tieman, mtafiti Mholanzi aliyefanya kazi yake kubwa ya masuala haya nchini Malaysia, anajenga hoja yake juu ya mambo matatu: kuzuia mgusano wa moja kwa moja na haramu, kupima hatari ya kuchafuka, na kuzingatia namna Waislamu wa soko husika wanavyolitazama jambo hilo. Hatari hiyo haiwi sawa kila mahali. Bidhaa iliyomwagwa wazi, kama mafuta ndani ya tangi au nafaka ndani ya tumbo la meli, iko katika hatari kubwa kuliko katoni iliyofungwa. Bidhaa mbichi ya baridi, yenye unyevunyevu na damu, iko katika hatari kubwa kuliko biskuti. Nyama inayoning'inia wazi kwenye ndoano za gari ni jambo moja, na soseji zilizofungwa kwa plastiki, zikatiwa katoni, katoni zikavingirishwa juu ya paleti, ni jambo jingine kabisa.

Hata nchi ya kufikia hubadilisha hesabu. Mbuzi waliochunwa na kupozwa wanaopelekwa kwa ndege kutoka Nairobi kwenda Dubai au Doha husafiri katika njia ambayo nguruwe kwa kawaida hana safari. Hatari yao kubwa ni joto: mzigo ukikaa juani kando ya ndege, nyama hupanda juu ya nyuzi 4 za sentigredi, na hapo tunakuwa na nyama iliyochinjwa sawasawa lakini isiyofaa kuliwa. Qurani inapowaambia watu wale vilivyo halali na vizuri huyataja mambo hayo mawili pamoja, kwa hivyo mimi huhesabu kipimajoto kuwa chombo cha halali sawa na kisu. Komoro nako, ambako mabawa ya kuku yaliyogandishwa ni chakula cha kila siku na watu karibu wote ni Waislamu, duka la mtaani halina nguruwe wa kuchanganywa naye. Maswali ya kuuliza yapo nyuma zaidi, kwenye kiwanda cha ng'ambo na kwenye maghala ambamo kontena lilipumzika kabla ya kuvuka bahari.

Wapo wanaosema kwamba kuuliza historia ya gari ni kumzulia mchukuzi mzigo mpya usiojulikana katika biashara. Ningewaomba waende Kilindini, bandari ya Mombasa, watazame mafuta ya mawese yanavyoshushwa. Kenya huagiza mafuta hayo kwa wingi kutoka Malaysia na Indonesia, nayo huja yakiwa yamemiminwa ndani ya matangi ya meli, kisha husafishwa viwandani na kuuzwa kama mafuta ya kupikia. Katika biashara hiyo, shirikisho la FOSFA lenye makao yake London limeweka kanuni kuhusu shehena zilizotangulia ndani ya tangi. Ipo orodha ya shehena zilizopigwa marufuku na ipo ya zinazokubalika, na mwenye meli hutakiwa kutoa taarifa iliyoandikwa ya shehena tatu zilizobebwa na tangi hilo kabla ya mafuta ya kula kuingia. Lengo lao ni usalama, kwa kuwa hakuna anayetaka mabaki ya kemikali za viwandani kwenye mafuta ya kupikia. Hawakuwa wakifikiria fiqhi hata kidogo. Lakini swali ni lile lile, tangi hili lilikuwa na nini, na kwa miaka mingi mabaharia wamelijibu bila ya kulalamika.

Sasa tangi likishakuwa la lori la kutoka Mombasa kwenda bara, swali hilo mara nyingi huishia bandarini. Mnunuzi anayejali angeweza kuliendeleza kwa kuongeza mstari mmoja tu kwenye fomu ya kupakia, unaotaja shehena tatu zilizotangulia, na hasa kuuliza kama tangi limewahi kubeba mafuta ya wanyama. Hiyo si gharama ya kumfilisi mtu. Kwa maoni yangu ndiyo hatua ya kwanza kwa kampuni yoyote ya ukanda huu inayotaka kuanza, na huipendekeza kabla ya kununua gari jipya au kuita mkaguzi wa nje, kwa sababu mtu hawezi kudhibiti asichokiandika.

Mahali penye ugumu zaidi kwetu, hata hivyo, ni hotelini. Hoteli za kitalii za Diani, Malindi, Nungwi na kwingineko huagiza nyama ya ng'ombe na kuku wa halali kwa ajili ya wageni na wafanyakazi Waislamu, na huagiza pia nyama ya nguruwe, divai na bia kwa wageni wengine. Msambazaji mmoja mara nyingi hubeba vyote, kwa sababu hoteli haitaki kupokea magari sita asubuhi moja. Ndani ya gari lenye chumba kimoja cha baridi, katoni za soseji za ng'ombe na za nguruwe kutoka kiwanda kimoja hufanana rangi na umbo, na tofauti ni maneno machache yaliyochapishwa ubavuni. Zikibaki zimefungwa, sioni kwamba pametokea madhara ya kifiqhi. Tatizo huanza katoni ya chini inapolowa, ikachanika, na maji yake yakatiririka juu ya nyingine. Nimewahi kumwona mpokeaji akihamisha vipande kutoka katoni iliyochanika kwenda kreti la plastiki lililokuwa karibu, bila ya kulitazama kreti hilo lilikuwa na nini. Alikuwa na haraka, na nyuma yake palikuwa na gari jingine likipiga honi.

Dawa yake haihitaji hoteli ijenge jengo jipya. Kreti za rangi mbili, moja isiyotumika kamwe kwa nguruwe, zinatosha kuanzia. Gari lenye ukuta wa kugawa chumba, ambao wasambazaji wengi tayari wanao kwa ajili ya kutenganisha bidhaa zilizogandishwa na zilizopozwa tu, linaweza kupangwa upya ili nguruwe awe upande wake. Bidhaa ya halali ikae juu, isiwe chini ya kitu kinachoweza kuvuja. Ipokewe kwanza, wakati meza na mizani bado ni safi, na za nguruwe zifuate mwisho. Kwenye chumba baridi cha hoteli hali kadhalika, na mlango uwe na maandishi ya Kiswahili ambayo kibarua wa siku moja anaweza kuyasoma.

Kuhusu pombe nitasema kidogo tu. Chupa iliyofungwa haiinajisi katoni iliyo kando yake, na wengi wa ninaowaheshimu hawana shida nayo mradi isivunjike. Lakini ipo hadithi inayowataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe, na mbebaji wake ni mmoja wao. Kwa hivyo suala la pombe humkabili zaidi dereva Mwislamu na dhamiri yake kuliko linavyoikabili nyama, na mwajiri mwenye busara humuuliza mapema badala ya kungoja akatae safari gari likiwa limeshapakiwa.

Pingamizi kubwa ninalolisikia ni la gharama, nalo lina ukweli. Gari la baridi lililotengwa kwa halali tu linaweza kupeleka nyama upande mmoja na likakosa mzigo wa kurudi nao, na kilomita zipatazo 480 za barabara kati ya Mombasa na Nairobi si za kuzitembeza gari tupu. Ndiyo maana siungi mkono wale wanaotaka kila msafirishaji mdogo atenge magari kuanzia kesho. Gari linaweza kurudi na samaki, matunda, maziwa au dawa na likabaki safi kwa kila kipimo. Linachotakiwa kuepuka ni kitu kimoja au viwili. Anayebeba nguruwe mara kwa mara ndiye mwenye uamuzi mgumu, na afadhali atenge gari moja kwa ajili ya nguruwe kuliko kutenga mengine yote kwa ajili ya halali. Mabingwa wa hesabu za usafirishaji wanalijua hili hata bila ya dini: hutengwa kile kidogo kinachochafua, na kilicho kingi huachwa kiwe huru. Nippon Express, kampuni ya Kijapani ambayo haina sababu ya kidini ya kujihusisha, ilijipatia cheti cha usafirishaji wa halali kupitia tawi lake la Malaysia, na kampuni ya ukubwa huo haiingii mahali bila ya kupiga hesabu.

Masoko nayo hayatungoji. Indonesia ilipitisha sheria namba 33 mwaka 2014 ambayo haiishii kwenye uchinjaji. Inataka mahali na vifaa vya kuhifadhi, kufungashia, kusambaza na kuuzia bidhaa za halali vitenganishwe na vya zisizo halali. Tangu tarehe 18 Oktoba 2024 wajibu wa kuwa na cheti unawabana wenye biashara kubwa na za kati za vyakula na vinywaji huko. Nchi za Ghuba, ambazo ndizo wanunuzi wetu wa karibu, zina mfululizo wao wa viwango vya GSO 2055. SMIIC, taasisi ya viwango ya nchi za Kiislamu yenye makao Istanbul, ilitoa mwaka 2020 OIC/SMIIC 17, nacho kimegawanyika vile vile katika usafirishaji, maghala na rejareja. Kenya na Tanzania si wanachama wa OIC, yaani Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu. Zanzibar iliwahi kujiunga Desemba 1992 na ikajitoa mwaka uliofuata baada ya mzozo mkubwa wa kikatiba, ilhali Uganda ni mwanachama tangu 1974. Muuzaji wa nyama wa Arusha au Garissa hana la kufanya kuhusu historia hiyo, ila ajue kwamba viwango atakavyopimwa kwavyo vinaandikwa katika vikao ambavyo nchi yake haina kiti.

Tusidhani pia kwamba kiwango kikishaandikwa mambo hujiendesha. Desemba 2020, katika jimbo la Johor huko huko Malaysia, maofisa walivamia ghala ambamo nyama iliyogandishwa kutoka nje ilikuwa ikibandikwa nembo za halali za kughushi. Ghala, si machinjio. Mahali ambapo mzigo hufunguliwa, hupangwa upya na kufungwa tena ndipo udanganyifu unapopata nafasi, kwa sababu baada ya hapo hakuna anayeweza kuifuatilia katoni hadi asili yake. Miaka sita nyuma, mwaka 2014, aina mbili za chokoleti ya Cadbury ziliingia kwenye zogo nchini humo baada ya vipimo vya wizara ya afya kudai kwamba zina chembechembe za nguruwe, kisha vipimo vya JAKIM vikaonyesha kwamba hazina. Kampuni ilisafishwa, lakini wiki hizo chache zilitosha kuonyesha jinsi imani ya mlaji inavyovunjika upesi, na jinsi kumbukumbu za kila hatua zinavyokuwa ngao ya pekee kwa mfanyabiashara asiye na hatia.

Kwa hivyo, kama ningeombwa kuandika mkataba kati ya mwenye nyama na mchukuzi, nguvu zangu zote zingekwenda kwenye jambo ambalo mikataba niliyoisoma huliruka, nalo ni kuharibika kwa gari njiani. Friji ikizima karibu na Mtito Andei saa nane za usiku, dereva hutafuta gari lolote lenye baridi linaloweza kuokoa mzigo, na kwa haki yake hufikiria joto kabla ya kitu kingine chochote. Mkataba unapaswa kumpa jibu kabla ya usiku huo: orodha ya wachukuzi wawili au watatu waliokwisha kuulizwa kuhusu shehena zao, namba ya simu ya mtu wa ghalani anayeruhusiwa kuamua, na sharti kwamba lakiri mpya iandikwe kwenye hati pamoja na namba ya gari lililopokea mzigo na shehena tatu zilizotangulia ndani yake. Mzigo ukihamishiwa gari lisilojulikana kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, upelekwe ghalani utengwe chini ya jina la mzigo wenye shaka, na mwenye nyama apewe taarifa hiyo kabla ya mnunuzi wake kupokea hata katoni moja. Gharama ya kuuhifadhi katika kipindi hicho ibebwe na mchukuzi endapo gari lake halikuwa limefanyiwa matengenezo kwa wakati, na igawanywe nusu kwa nusu endapo alikuwa ametimiza wajibu wake.